Kutafuta Mabuti ya Theluji Sokoni Baraka

Sokoni Baraka mtu hakosi kiatu. Kandambili zimepangwa kwa rangi, raba za mitumba zimesuguliwa kwa sabuni mpaka weupe wake umerudi, viatu vya ngozi vya kwendea kanisani vinang'aa juu ya turubai, na karibu na wauza majembe mabuti ya mpira yananing'inia jozi kwa jozi yakiwasubiri wachimba dhahabu. Ukitaka kiatu cha kutembelea juu ya mto ulioganda, hapo ndipo kazi inapoanza. Nilizunguka asubuhi nzima nikiuliza, na karibu kila meza ilinijibu kwa swali: "Mto gani huo?"

Mto wenyewe unaitwa Red, uko Winnipeg, katikati ya Kanada. Kaka yangu mkubwa anaishi huko na mkewe na watoto wao. Binti yake alikuwa anaolewa mwezi wa Januari, kwa sababu ukumbi ulipatikana Januari, na hakuna aliyeiuliza hali ya hewa maoni yake. Kaka alinipigia simu akanitajia nauli, vibali na zawadi za wakwe. Mwisho kabisa, akiwa karibu kukata, akasema: "Na miguu yako uifikirie."

Kwetu hatuna mazoea ya kuifikiria miguu. Baraka iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kwenye mwinuko wa mita 770 hivi. Mbele yake kuna Ghuba ya Burton, na ng'ambo ya ghuba inaonekana rasi ya Ubwari, ile ambayo mvumbuzi Mwingereza Richard Burton alipopita mwaka 1858 aliidhani ni kisiwa. Watoto wanaoga ziwani mwaka mzima. Baridi tunayoijua ni ya usiku wa mvua, inayoisha ukijifunika kitenge. Mguu wa mtu wa Baraka umezoea mchanga wa moto, matope na maji vuguvugu.

Hata hivyo, mabuti ya theluji yanafika Baraka, na yanafika kwa njia ya kuchekesha. Nguo na viatu ambavyo watu wa nchi tajiri wamevitoa nyumbani mwao hufungwa kwa mashine, hupakiwa melini, hushushwa katika bandari kama Dar es Salaam, huvuka Tanzania hadi Kigoma, halafu hupandishwa kwenye boti za kuvukia ziwa. Anayefunga belo huko mbali hamjui atakayelifungua. Ndiyo maana katikati ya mashati na magauni hutokea koti la kuteleza juu ya theluji, glavu nene kama za bondia, au buti refu lenye manyoya ndani.

Mama mmoja muuza viatu alinisikiliza mpaka mwisho, akainama chini ya meza, akatoa jozi iliyokuwa imejaa vumbi. Buti moja peke yake lilikuwa zito kuliko raba zote nilizowahi kuvaa.

"Haya ndiyo mabote ya baridi," akasema. "Yanakuja moja moja ndani ya belo. Watu wa Misisi hawayataki, wanasema yanakunywa maji. Wa kule juu wakiyaona, wanachukua."

Misisi ni mji wa dhahabu ulioko kusini, katika wilaya yetu hii ya Fizi. Mchimbaji anayeshinda ndani ya maji na tope anataka mpira mtupu, unaosuuzwa jioni na kuvaliwa tena kesho asubuhi. Manyoya kwake ni adhabu. Nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa nikayavaa yale mabuti, na kabla sijafunga kamba jasho lilikuwa limeshaanza kutelemka ndani. Nikayavua nikayachunguza. Kitambaa cha ndani kilikuwa kimelala na kukomaa kama turubai. Soli ilikuwa ngumu, na nilipoikunja ikaonyesha nyufa. Vidole vyangu viligusa mbele. Muuzaji hakunibembeleza. Alinirudishia mkoba wangu akasema, "Papa, baridi waulize watu wa juu. Sisi wa ziwani tutakudanganya."

Shauri hilo lilikuwa na thamani kuliko kiatu chenyewe, nami nikalifuata.

Watu wa juu ni watu wa milima inayopanda nyuma ya mwambao. Ukitoka Baraka kwenda Fizi penyewe kwa pikipiki, barabara inaliacha ziwa na kuanza kupinda, migomba inabadilisha kimo, na upepo unaokupiga kifuani unapoteza ule unyevunyevu wa ufukweni. Fizi ni mlango tu. Nyuma yake kuna nyanda za juu za Minembwe na Itombwe, nchi ya majani, ukungu na ng'ombe, ambako kilele cha Mohi kinafika mita 3,475. Huko juu Babembe, Banyamulenge, Bafuliru na Banyindu wamelima na kufuga kwa vizazi, na huko mtu havai koti kwa ajili ya mapambo. Milima hii imewafundisha adabu hata wageni wenye bunduki. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka kutoka Kigoma wakatua Kibamba, kwenye mwambao wa Fizi, kisha wakapanda hadi kambi za juu. Watu wa kisiwa cha joto walilala wakitetemeka juu ya ziwa ambamo wenzao wa chini walikuwa wakiogelea. Waliondoka Novemba mwaka huohuo. Kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila alibaki na milima hiyo kwa miaka mingi baada yao.

Mimi sikupanda mpaka Minembwe. Njia haikuwa salama, na vita vya huko vimewateremsha wenyeji wengi kuliko vinavyowapandisha wageni. Lakini kwa sababu hiyohiyo, pale Fizi hukosi mtu wa juu. Niliongozwa kwa mzee mmoja mfugaji, aliyeteremka na familia yake na ng'ombe wachache waliobaki. Alikuwa amevaa kofia ya sufu saa sita mchana. Nilimwamkia, nikamweleza safari yangu, nikamwambia huko niendako baridi inashuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Namba hiyo haikumshtua. Aliuliza jambo moja tu: "Kuna umande?"

Nikamjibu kwamba huko umande wenyewe unaganda.

"Basi una bahati," akasema. "Umande ndio unaoua mguu. Baridi kavu unaweza kuzungumza nayo."

Akanieleza jinsi walivyovaa mabuti ya mpira kule juu, alfajiri, wakati majani yanafika magotini na yote yamelowa. Buti linunuliwe kubwa kuliko mguu, ili vidole vicheze. Ndani yake hutiwa nyasi kavu, zilizopondwa kwa mikono mpaka zikalainika, na kila jioni nyasi hizo hutupwa na kuwekwa mpya. Aliyezirudia nyasi za jana amevaa jasho lake mwenyewe. Usiku buti halisogezwi karibu na moto, kwa sababu mpira utapasuka. Linapinduliwa mbali, upande ambao moshi unapita, likauke polepole. Na kamba au mkanda wa mguuni usikazwe, kwa kuwa damu inayobanwa haipashi kitu joto.

Nilimuuliza kuhusu unene wa kiatu. Akacheka. "Unene wa nini? Kinachopasha joto ni mguu wako. Kiatu kazi yake ni kutunza."

Sijasikia mwalimu wa fizikia aliyelieleza jambo hilo vizuri zaidi. Kiatu hakina joto la kwake. Mwili unatoa joto, damu inalipeleka hadi vidoleni, na hewa iliyotulia kati ya nyuzi za sufu, manyoya au nyasi inalizuia lisitoroke. Ukikibana kiatu, umeifukuza hewa na umeibana damu kwa pamoja. Ukikilowesha, maji yanachukua nafasi ya hewa, na maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa tulivu. Mzee hakuwa na haja ya hesabu hizo. Alikuwa na ng'ombe wa kuwapeleka malishoni kila alfajiri.

Niliondoka Baraka kwa boti ya usiku kwenda Kigoma, nikiwa na raba miguuni. Tulipishana na boti iliyokuwa ikielekea kwetu imebeba marobota hadi juu, na bila shaka ndani yake kulikuwa na buti fulani lililokuwa likiikimbia nchi ninayoiendea. Kaka yangu alivuka maji hayohayo mwaka 1996, usiku, bila kiatu chochote, akapokewa katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa Novemba mwaka huo kwa ajili ya watu wa Kivu Kusini. Alioa huko, akazaa huko, na kutoka huko akapelekwa Kanada. Watu wa Fizi waliopita njia hiyo sasa wametapakaa katika miji ya baridi ya Kanada na Marekani. Wengi wao waliiona barafu kwa mara ya kwanza ikiwa ndani ya glasi, kisha kwa mara ya pili ikiwa ni barabara.

Kutoka Kigoma reli ya kati inakata zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na treni haina haraka. Nauacha mwendo huo, maana hauhusiki na miguu, isipokuwa kwamba ilivimba.

Ndege ilinifikisha Toronto asubuhi. Rafiki wa kaka, mtu wa Uvira, alikuwa amesimama mahali pa kupokelea abiria, mkono mmoja koti, mkono mwingine mabuti. Hakunipa mkono wala hakuniuliza habari za nyumbani. Alisema, "Kaa hapo kwenye kiti, vaa kwanza." Mabuti yalikuwa ya kuazima, makubwa kwangu, yenye kitambaa kizito cha sufu ndani. Milango ya kioo ilipofunguka nikaelewa kwa nini salamu zilisubiri. Pumzi iliganda kwenye ndevu. Miguu peke yake ndiyo haikulalamika.

Nilikuwa na siku moja ya kungoja ndege ya Winnipeg, na mwenyeji wangu akaniuliza ninataka kuona nini. Nikamwomba anipeleke kwenye nyumba ya viatu. Toronto kuna Jumba la Makumbusho la Viatu la Bata, katika mtaa wa Bloor, lililofunguliwa mwaka 1995. Jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyesoma shule Afrika Mashariki au Kongo. Wengi wetu tulidhani Bata ni la kwetu, kama Wakenya wanavyokijua kiwanda cha Limuru. Kampuni yenyewe ilizaliwa mjini Zlín, katika Ucheki ya leo, mwaka 1894, na vita vilipokaribia, mwaka 1939, Thomas J. Bata alihamia Kanada akajenga kiwanda na mji wake, Batawa, katika jimbo la Ontario. Mkewe, Sonja, ndiye aliyekusanya viatu vya dunia mpaka vikajaza jumba.

Nilisimama muda mrefu mbele ya viatu vya watu wa Kaskazini. Kuna mabuti ya Inuiti ya ngozi ya sili na ya kulungu wa theluji, yaliyoshonwa na wanawake kwa nyuzi za mishipa ya wanyama. Uzi huo ukilowa huvimba na kuziba tundu la sindano, na mshonaji stadi haipitishi sindano mpaka upande wa pili wa ngozi, ili maji yasipate njia. Kisha nikasikia habari za Wasami, wafuga kulungu wa kaskazini mwa Ulaya. Viatu vyao vya ngozi vina ncha iliyopinda mbele, na ndani yake wao pia hutia nyasi. Huzikata majira ya joto, huzipondaponda mpaka zilainike, huzikausha, huzisokota mafungu, na wakifika kambini huzitoa zikakauke.

Ningependa yule mzee wa Fizi angekuwepo. Kati ya nyasi zake na za Wasami kuna mabara mawili, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Wafugaji wanaoamka kabla ya jua, penye baridi na unyevu, wamefika kwenye jibu moja: kitu kikavu, chenye hewa ndani, kinachoweza kutolewa jioni. Mabuti bora ya viwandani yanayouzwa Kanada leo yamejengwa kwa kanuni hiyohiyo. Sehemu ya chini ni mpira usiopitisha maji, sehemu ya juu ni ngozi au kitambaa kigumu, na ndani kuna kiatu kingine cha sufu iliyoshindiliwa, kinachochomoka chote ili kikauke usiku. Kampuni ya Kaufman ya Kitchener, Ontario, ililitangaza umbo hilo tangu 1962 kwa jina la Sorel, na tangu hapo limeigwa na kila mtu.

Winnipeg ni mahali pa kufanyia majaribio kanuni hizo. Mji umekaa kwenye tambarare pasipo mlima wala ziwa la kuupunguzia makali. Wastani wa Januari ni karibu nyuzi 16 chini ya sifuri, ukichanganya mchana na usiku, na tarehe 24 Desemba 1879 kipimo kilishuka hadi 47.8 chini ya sifuri, rekodi ambayo bado wenyeji wanaitaja kwa namna ya majivuno. Mito Red na Assiniboine inakutana mahali panapoitwa The Forks, na majira ya baridi watu huteleza na kutembea juu yake kwa kilomita nyingi. Kaka anakaa Saint-Boniface, ng'ambo ya Red, mtaa wa zamani wa wasema Kifaransa, ambako Wakongo wengi wamepata majirani wanaoelewa angalau lugha yao moja.

Aliyejua mambo ya mabuti katika nyumba ile ni shemeji yangu, wala si kaka. Yeye hutoka nyumbani gizani, husubiri basi, na hufanya usafi katika ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Kaka anaendesha gari, na mwenye gari ana kiburi cha miguu. Shemeji alinitazama nikiwa na yale mabuti ya kuazima, akasema, "Shemeji, haya yarudi kwa mwenyewe. Kesho twende."

Tulianza na duka la vipya, kwa kujifunza tu. Kila jozi ilikuwa na kibandiko chenye namba: 20 chini ya sifuri, 32, 40, hata 60. Shemeji alinionya nisizipe namba hizo imani yangu yote. Kila kiwanda hupima kwa namna yake, na namba hiyo mara nyingi humfikiria mtu anayetembea, hali anayesubiri basi hatembei. Aliyesimama dakika 20 kituoni anahitaji buti lenye kinga zaidi ya anayekata kuni. Halafu akaligeuza buti juu chini. Hapa ndipo watu wetu wengi hawatazami. Soli nene huuzuia mguu usinyonywe joto na ardhi. Soli laini hushika barafu. Mpira mgumu unaong'aa, hata ukichongwa meno makubwa, huteleza kama sahani.

Katika jambo hili Kanada ina watafiti wa kusaidia. Taasisi ya tiba ya urekebishaji ya Toronto ina chumba kinachogandishwa sakafu na kuinamishwa kidogo kidogo, huku mtu aliyefungwa mikanda ya usalama akitembea juu yake akiwa amevaa buti linalopimwa. Buti linaloshika mpaka mwinamo wa nyuzi 7 hupewa alama moja ya chembe ya theluji, na lililo bora zaidi huongezewa. Walipotoa matokeo yao ya kwanza mwaka 2016, kati ya aina 98 walizopima, karibu tisa kwa kila kumi zilishindwa kupata hata alama moja. Yalikuwa mabuti ya dukani, mengi ya bei kubwa. Kwa mtu mzima mfupa wa nyonga ukivunjika kwenye barafu, joto la vidole halitamsaidia.

Nikaonyeshwa pia mabuti laini ya ngozi na manyoya, yenye ushanga kifundoni. Ni ya asili ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile, na Winnipeg kuna kampuni, Manitobah Mukluks, iliyoyafanya biashara tangu 1997. Kwa baridi kavu ya katikati ya Januari hayana mpinzani: mepesi, yanapumua, mguu hautoki jasho. Theluji ikianza kuyeyuka, yanataka kupumzishwa. Baridi ya Winnipeg na baridi ya Toronto si ndugu wa tumbo moja. Moja ni kavu na kali, nyingine ni ya tope na chumvi ya barabarani, na buti la moja halifai sana kwa nyingine.

Baada ya somo, shemeji akanipeleka kwenye duka la mitumba. Nilipoingia nilicheka kwa sauti. Ilikuwa Baraka yenye paa na taa: makoti kwa safu, magauni kwa safu, viatu kwa namba, na nyuma kabisa wafanyakazi wakichambua magunia. Visivyouzika katika maduka ya namna hii ndivyo hufungwa belo na kusafirishwa. Nilikuwa nimevuka bahari kuja kuchagua kabla ya belo kufungwa.

Shemeji alichagua kwa mkono wa mtu aliyewanunulia watoto wengi. Aliikunja soli atazame nyufa. Alitia mkono ndani mpaka vidoleni kutafuta unyevu na harufu ya ukungu. Alilichomoa buti la ndani akalibonyeza kwa kidole. Lililobaki na shimo la kidole alilirudisha, kwa sababu sufu iliyokufa haina hewa. Alijaribu zipu mara nyingi, maana zipu ikigoma nje katika baridi kali, vidole vya mikono ndivyo vitakavyolipa. Nilipotaka kujaribu jozi, akanizuia mpaka nivae soksi nene za sufu alizokuja nazo mkobani. Soksi za pamba, akasema, hunywa jasho na kulihifadhi. Namba yangu ni 42 ya Ulaya, ambayo kwa Kanada ni kama 9 ya wanaume. Tulichukua 10. Akaniambia nitembee mpaka mwisho wa duka na kurudi, nichezeshe vidole, niupige ukuta teke taratibu. Vidole havikugusa. Tulilipa dola 25. Kisha tukarudi kwenye duka la vipya tukanunua buti la ndani jipya la sufu, kwa sababu jasho la mtu mwingine halirithiwi.

Yale mabuti yalinitunza. Asubuhi ya harusi redio ilitangaza kwamba ukihesabu na upepo, mwili utasikia nyuzi 38 chini ya sifuri. Kwa kipimo cha Kanada, kuanzia 28 chini ya sifuri ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Kanisani kila aliyeingia alikuwa na mfuko mkononi. Akina mama wa Fizi waliovaa vitenge vya kufanana walikaa kwenye benchi la mlangoni, wakavua mabuti, wakatoa mifukoni viatu vya visigino virefu, na ndani ya dakika chache ukumbi mzima ukawa Baraka siku ya Pasaka. Mabuti yao yalibaki ukutani juu ya mkeka wa mpira, yakidondosha maji ya chumvi. Nilijifunza siku hiyo kwamba nchi ya baridi inavaliwa kwa tabaka hata miguuni: kiatu cha njia na kiatu cha heshima.

Jioni tulifuata sheria za mzee wa Fizi bila kumtaja. Mabuti ya ndani yalichomolewa yakasimamishwa chumbani, mbali na kipasha joto. Chumvi iliyoacha alama nyeupe kwenye ngozi ilifutwa kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo. Kaka akaongeza onyo ambalo hospitali za huko hulitoa kila mwaka. Kidole kinachouma kwa baridi bado ni kizima, lakini kilichoacha kuuma na kugeuka cheupe au kijivu kimo hatarini. Kisisuguliwe, kisipakwe theluji, kisichomwe motoni. Mtu aingie ndani, mguu utiwe kwenye maji ya uvuguvugu, na daktari atafutwe. Mwenye kisukari asingoje maumivu, kwa sababu miguu yake inaweza isimwambie ukweli.

Baada ya kuyaona yote hayo, hukumu yangu ni hii. Buti la theluji lisinunuliwe Baraka, Uvira wala Kigoma. Lililofika huko limeshamaliza kazi yake, na pesa zako ni afadhali zibaki mfukoni hadi ufike. Unachoweza kubeba kutoka nyumbani ni kipimo cha mguu wako kwa sentimita, ukichukue jioni wakati mguu umepanuka, pamoja na soksi za sufu ukizipata. Ukifika, chagua buti kubwa kidogo, kavu, lenye soli nene iliyo laini na kitambaa cha ndani kinachotoka. La mtumba linafaa likikaguliwa. La bei kubwa linaweza kukuangusha.

Na kwenu ndugu wa Fizi mlioko Winnipeg, Edmonton, Maine, Minnesota na kwingineko, nina ombi. Picha za theluji mnazotutumia ni nzuri, watoto wanazipenda. Lakini mgeni wenu akikata tiketi, muulizeni namba ya kiatu kabla ya kumuuliza saa ya kufika. Serikali ya Kanada huwapa mavazi ya baridi wakimbizi inaowaleta yenyewe katika miezi ya baridi. Mama aliyekuja kwa nauli yake kumwona mjukuu hana wa kumpa isipokuwa ninyi. Nendeni uwanjani na mabuti mkononi. Salamu zitafuata.